Bi Vitufe na Punje za Sekunde

Du-tak. Du-tak. Du-tak.

Ngoma inalia na kitufe kinajibu papo hapo, hata unywele haupiti katikati. Sauti inatoka nyuma ya pazia la duka lenye upana wa mlango mmoja, na mpita njia anaisikia kabla hajajua nani anapiga.

Ni saa tano asubuhi, Jumamosi. Nyuma ya pazia ameketi mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, pedi ya gemu, kile kidude cha vitufe anachoshika mchezaji, mapajani, kichwa amekiinamisha upande wa kulia. Wateja humwita Bi Vitufe. Hutengeneza pedi na mashine za gemu, kazi ambayo hakuna chuo kilichomfundisha wala cheti kilichomthibitisha. Alijifunza kwa kufungua na kuunguza vidole.

Mashine iliyo mbele yake leo ni nzima, na hilo ndilo linalomtoa jasho.

“Hapa inapiga sawa,” anasema. “Ikivuka barabara inakosea. Sasa nitibu nini?”

Ng’ambo ya barabara kuna ukumbi wa gemu wa mwanamama anayeitwa na wachezaji wote Shangazi. Saa nane mchana wachezaji kumi na wawili kutoka mitaa mitatu watashindana kwenye gemu ya ngoma. Alama za rangi zinashuka kwenye kioo, zikigusa mstari ngoma inalia, na mchezaji abonyeze hapo hapo. Akiwahi anapoteza, akichelewa anapoteza. Tangu Jumatatu hata mabingwa wanakosea kama wanafunzi.

“Hii ni mara ya tatu naileta,” anasema Shangazi, amesimama mlangoni pa duka, mikono kiunoni. “Isipokaa sawa kabla ya saa nane, mdogo wangu, mashine zangu zote nane zinakwenda kwa fundi mwingine. Sitaki tugombane.”

“Hatugombani, dada,” anajibu Bi Vitufe bila kuinua macho.

Kwa wiki hufungua pedi kama kumi na tano. Kumi zinatoka ukumbi ule. Ukumbi ukiondoka, duka halifiki mwisho wa mwezi.

Amekwisha kubadilisha mipira iliyo chini ya vitufe. Amesafisha kwa spiriti. Ameweka waya mpya. Limebaki jambo moja analoliogopa kuliko waya wowote: sikio lake.

Mwaka jana aliugua homa wiki tatu. Homa ilipoondoka, ilibeba sehemu kubwa ya usikivu wa sikio la kushoto. Dukani, penye utulivu, anamudu. Penye kelele, ngoma inazama. Tangu hapo hajapima mashine hata moja ndani ya ukumbi. Hutaka zote ziletwe mezani kwake.

“Nilisema meza yangu ina taa nzuri,” anakiri kimoyomoyo. “Taa ipo, kweli. Lakini nilikuwa najificha.” Anayejua ni mtu mmoja tu, dada yake wa tumbo moja; hata Shangazi hajui.

Saa saba mchana anaibeba mashine mwenyewe na kuvuka.

Ukumbini viti vya plastiki vimejaa, mashine saba zinapiga kelele kwa pamoja. Bingwa wa hapa ni kijana fundi viatu, wenzake wanamwita Gundi kwa jinsi vidole vyake vinavyonata kwenye mapigo.

“Bi Vitufe, leo umetuletea mashine au umetuletea pole?” anauliza Gundi.

“Mashine. Pole utaihitaji wewe ukifungwa.”

Wanacheka. Mashine inaunganishwa, Gundi anacheza, alama zinapita bila kuguswa. Anaweka pedi chini.

“Naona kwanza, nasikia baadaye,” anasema. “Kama umeme wa radi na ngurumo yake.”

Bi Vitufe anageuka polepole. Ukutani kuna runinga pana, bapa. Kwenye rafu kuna spika isiyo na waya.

“Hivi vimekuja lini?”

“Jumatatu,” anajibu Shangazi. “Ile ya chogo ilikufa.”

Fundi anajishika kichwa. Runinga ya duka lake bado ni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, inayoonyesha picha pale pale inapofika. Hii mpya huipamba picha kwanza ndipo iionyeshe, na spika ya hewani huchelewesha sauti zaidi.

“Nimemshonea mtu suti kwa kipimo cha jirani yake,” anasema.

Anafunga waya kwenye spika. Anazima mapambo ya picha. Sasa imebaki kupima: gemu inapiga ngoma mara kumi na sita, mtu anabonyeza kila anaposikia, nayo inahesabu ucheleweshaji kwa sehemu za elfu za sekunde. Bi Vitufe huziita punje.

Anabonyeza. Punje sitini na moja. Mia na arobaini. Tisini na saba. Namba zinarukaruka kama maharage kwenye sufuria.

“Mkono unatetemeka, Bi?” anauliza Gundi.

Saa ya ukutani inaonyesha saa nane kasoro dakika ishirini. Anafuta mikono kwenye sketi.

“Si mkono,” anasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Sikio langu la kushoto halisikii vizuri tangu mwaka jana. Kelele zikizidi ngoma inanipotea. Shika wewe, upime.”

Gundi anashika pedi, na safari hii hana mzaha. Themanini na nne. Themanini na tano. Themanini na nne. Bi Vitufe anaingiza themanini na nne kwenye gemu, ili ifidie kuchelewa huko. Gundi anacheza tena, na kioo kinaandika: Sawa. Sawa. Sawa.

Shangazi hatabasamu.

“Mwaka mzima nalipia masikio mawili, kumbe napata moja.”

Mtu anacheka nyuma, kisha anajikohoza.

“Nilikosea, dada.”

“Ungeniambia, ningezima hizi nyingine ukipima. Ni kuzima tu, nani alikuambia ni kuhamisha mlima?”

Bi Vitufe anasema Jumanne atakwenda hospitali kupimwa sikio, miadi aliyoiahirisha mara nne.

“Mashine zinabaki,” anasema Shangazi mwishowe. “Ila niahidi kwa mdomo wako, hawa wasikie.”

Fundi anasimama wima, anamtazama usoni.

“Nakuahidi, dada. Mashine yako sitaipimia tena nje ya ukumbi huu. Na siku nisiposikia, nitasema sisikii.”