Orodha ya Vinywaji

Jirani yangu wa Mji wa Kale, mjane, aliniita nimsaidie kupokea wajumbe wa posa ya bintiye. Walikuwa wakitoka Malindi na hakuna aliyewajua kwa sura.

Baada ya swala ya Ijumaa, bwana na mkewe wakapiga hodi, bwana kavaa kofia mpya, bibi kajitanda leso ambayo bado ina mikunjo ya dukani. Hatukuwauliza lililowaleta. Kwetu mgeni haulizwi haja yake kabla hajala.

Biriani waliila kwa bidii iliyonitia matumaini.

"Na usiku hapa kuna muziki?" bwana akauliza, akichambua mfupa.

"Tukiafikiana leo," mama wa binti akajibu kwa haya, "taarabu itapigwa hapa mpaka alfajiri."

Bwana akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba orodha ya vinywaji.

Kumbe ni watalii kutoka Nairobi. Waliona mlango wa nakshi, wakanusa zafarani, wakajua ni mkahawa.

Mama hakuwaumbua. Aliwaletea sharubati ya ukwaju, akakataa malipo, wakapeana nambari za simu. Mlangoni wakapishana na wajumbe wenyewe, na sinia limebaki mifupa.

"Ingieni tu," bwana akawaambia. "Nyumba hii utakula mpaka uone haya."

Posa ilikubaliwa kwa chai na mahamri. Wajumbe walisema kila nyumba hujisifu yenyewe. Hii wameikuta ikisifiwa na mgeni anayetoka.

Harusi ni mwezi ujao. Kadi ya kwanza imekwenda Nairobi, maana wao ndio walioulizia muziki.