Nani Atamshusha Mama Mlimani

Mwanangu alisema binti yake hataendesha pikipiki, na mwanangu akishasema huwa amesema. Tabia hiyo aliitoa kwangu, kwa hiyo sikuweza kumlaumu. Taabu ni kwamba pikipiki yenyewe ilikuwa tayari imesimama uani kwake Rongo, nyekundu kama nyanya iliyoiva, na binti alikuwa ameshaanza kubeba mgeni mmoja mmoja kumwonyesha milima ya Gwassi na kisiwa cha Rusinga. Wageni wa Nairobi wanapenda mambo hayo. Wanataka kuliona ziwa kutoka juu, halafu wanataka kufika chini na vumbi kwenye meno. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka mjukuu wangu. Nyingine hakutaka hata kuisikia.

Baba yake alikuwa na sababu za kukataa, na nyingi alizipata kwa shemeji yake, yaani mkwe wangu, mume wa binti yangu aliyeolewa huko Gwassi. Mkwe alimpigia simu akamwambia mwanamke kukaa mbele ya pikipiki ni aibu ya ukoo mzima. Kukaa nyuma si aibu. Mbele ndiyo aibu. Mimi sikuona tofauti, maana kiti ni kimoja.

Baba na binti walipochoka kubishana, mwanangu akasema maneno ya mtu anayetaka kwenda kulala. "Mama apande naye. Wazunguke njia yote wanayozungushwa wageni. Mama akirudi akisema sawa, mimi sina neno. Akisema hapana, pikipiki inauzwa."

Nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwani. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuzunguka.

Lazima nieleze tunavyoitana mimi na huyu binti. Kwetu Waluo, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa nyanya yake. Mume ni mmoja, yule babu, hata akiwa amelala kaburini. Kwa hiyo binti huyu ananiita nyieka, mke mwenza, na ana ruhusa ya kunitania vile ambavyo mama yake hawezi. Mama yake ni Mkuria, nyumba yao imekuwa ya Kiswahili tangu mwanzo, na Kijaluo cha binti kinachechemea. Lakini neno nyieka analitamka sawasawa, na lile la Dani, yaani nyanya, ambalo huniita mambo yakiwa mazito.

"Nyieka, utavaa suruali," akaniambia asubuhi ya Jumapili.

"Sijavaa suruali tangu nizaliwe."

"Basi kaa upande upande. Kona ya kwanza mimi nitakata, wewe utaendelea moja kwa moja."

Nikavaa suruali ya marehemu. Ilinizidi kiunoni, nikaifunga kwa leso. Binti akanizunguka akinitazama.

"Mume wetu angekuona hivi angekuoa mara ya pili."

"Mimi angenioa. Wewe angekurudisha kwenu ukajifunze kupika."

Nilimwekea sheria. Nikimpiga mgongoni mara moja, apunguze mwendo. Mara mbili, asimame. Akasema sawa, lakini nisimpige kama ng'ombe wa jembe.

Njia ya kwenda Migori ilijaa Wakatoliki wanaokwenda kanisani, na mimi nina adabu zangu, Msabato mzee ndani ya suruali. Nikainamisha kichwa. Halafu nikatambua faida ya helmeti. Unawaona watu wote na hakuna anayekuona. Nilimwona jirani yangu mmoja ambaye wiki hiyohiyo alikataa kunisaidia kupalilia kwa sababu ya mgongo. Alikuwa amejitwika gunia la mkaa, anakwenda kama msichana. Nikampungia mkono. Akanipungia, hajui ni nani.

Nilipanda nikiwa mkaguzi, na nilikagua. Mjini Migori alisubiri ng'ombe wavuke, hakuwapigia honi. Hilo nililiweka moyoni. Kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Karungu aliyapita malori mawili, moja vizuri, la pili kwa papara, na kwa hilo la pili alipata kofi. Karungu tukanywa chai na mandazi karibu na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Vijana wa boda boda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, hawana abiria, wana maneno tu.

"Siste, huyo umebeba ni mwalimu wa driving ama?" mmoja akauliza.

"Huyu ni mke mwenzangu," binti akajibu, akawasha, tukawaacha wakipiga hesabu.

Kutoka hapo njia inapanda. Watu wa bonde kama mimi tunaijua Gwassi kama mahali pa kuolewa tu, pa kupeleka binti na kupokea simu. Sikujua kwamba ukifika juu, ziwa linatandikwa lote mbele yako, na visiwa vinakaa ndani yake kama vyungu vilivyogeuzwa vikauke. Upepo uliingia kwenye suruali ya marehemu ikajaa. Binti akapunguza mwendo bila kupigwa, ili nione. Mkaguzi hasifu njiani.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Sindo, kitu kikalia kak, na pikipiki ikawa inakwenda kwa uzito wake tu, injini inaunguruma bure. Akaisimamisha pembeni. Cheni ilikuwa imekatika, imelala kwenye vumbi kama nyoka aliyeuawa. Na kutoka upande wa ziwa, wingu jeusi lilikuwa linakuja.

Binti akasogea kando, akapiga simu. Akarudi anatabasamu. "Nimepata mtu, Dani. Yuko karibu, anakuja na pikipiki yake." Hakusema ni mtu gani, na mimi nilidhani ni fundi.

Pikipiki ilitokea juu ya kilima, kubwa, nyeusi, imefungwa kreti la samaki nyuma. Mwendeshaji alipotuona vizuri akazima injini mbali. Akashuka. Akatugeuzia mgongo akawa anatazama ziwa.

Mgongo ule niliujua. Ulikuwa wa mkwe wangu.

Siku hizi wakwe wanasalimiana kwa mkono, wengine hata wanakaa meza moja. Mimi na mkwe huyu ni watu wa zamani. Hatujawahi kugusana mkono. Nyumbani kwake sijakanyaga, kwa sababu ile siku ya kupokelewa rasmi, na chakula chake na wazee wake, haijafika. Tukikutana njiani, mmoja anampisha mwenzake, na anapisha mbali.

"Muulize mama kama yuko salama," mkwe akamwambia binti, bado anatazama ziwa.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyohema. "Mwambie niko salama."

Binti akanitazama, akamtazama. "Anko, Dani yuko hapa. Si unamwona?"

"Simwoni," akasema mkwe. Na kweli, alikuwa anaona kisiwa cha Mfangano.

Akaja kinyumenyume, akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki nyekundu, akaichunguza cheni. Kiungo kimevunjika, akasema, kingine kiko dukani Sindo, hapa hakuna la kufanya. Alikuwa na sauti ya mtu aliyetabiri jambo na likatokea. "Ndiyo maana nilisema," akaanza, kisha akakumbuka nani yuko pale, akameza iliyobaki.

"Basi ni rahisi," binti akasema. "Anko, wewe mbebe Dani mpaka Sindo. Amshike tu kiunoni vizuri, hapa ni mteremko. Mimi nitashuka polepole na yangu bila injini."

Mkwe akaiachia cheni.

"Kwani nimesema nini?"

"Umesema tusi," nikamwambia. "Lakini hukulijua."

Mkwe alikuwa ameinuka, amerudi kwenye ziwa lake, shingo imemsimama. Nikamweleza binti kwa sauti ya chini kwamba mikono yangu haiwezi kulizunguka tumbo la mume wa binti yangu, mvua inyeshe isinyeshe. Akajifunika mdomo. Nilidhani ni aibu. Kumbe anacheka.

Mkwe akafikiri. "Mwambie mama tunaweza kulihamisha kreti, tukalifunga katikati yetu."

"Mwambie siteremki mlima nimekumbatia mbuta."

"Mwambie mama si mbali sana kwa miguu."

"Mwambie magoti ni yangu."

"Mwambie mama nyumba yetu iko hapo nyuma, anaweza kujikinga mvua."

"Muulize nimepokelewa lini."

Binti alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama anayetazama mpira. Milango yote nilikuwa nimeifunga, ukabaki mmoja, na sote watatu tuliuona. Binti hakuthubutu kuutaja. Mkwe hakutaka. Mimi nikakaa juu ya jiwe, nikakunja mikono. Kulikuwa na nyumba ya mabati ya watu wengine juu kidogo, na mtu mwenye shida hakosi kukaribishwa. Niliiona. Sikuitaja.

Tone la kwanza likapiga kwenye helmeti yangu.

"Mwambie mama," mkwe akasema taratibu, "pikipiki hii tangu niinunue haijaendeshwa na mwanamke."

"Mwambie pikipiki haijui."

Mkwe akaiendea pikipiki yake. Halafu akalifungua kreti, akalishusha chini, akakipangusa kiti kwa mkono wa koti lake. Ufunguo akampa binti, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ya mtu anayemwelekeza mwenzake wa kazi. "Klachi ni ngumu. Ibane yote. Breki ya mbele kali kuliko ya nyuma, usiiamini kwenye maji. Ukipita mti ulioanguka kuna kona ina mchanga. Pale usikanyage breki hata ukiogopa. Hasa ukiogopa."

"Sawa, Anko."

Mvua ikatukuta kabla hatujafika kwenye huo mti. Pikipiki ile ilikuwa nzito, inanuka samaki, na miguu ya binti ilifika chini kwa vidole tu. Maji mekundu yalikuwa yanateremka pamoja nasi, yanataka kutangulia. Niliinua mkono nimpige mgongoni, nikaurudisha. Niliona nikimpiga wakati ule nitampiga akili zimtoke.

Kwenye mchanga, nyuma ya pikipiki ikateleza. Iliondoka chini yangu kama mkeka unaovutwa na mtoto mtukutu. Binti hakukanyaga breki. Aligusisha mguu mmoja chini, akailegeza, akaiacha ijitafutie njia, na yenyewe ikarudi. Mimi nilikuwa nimezamisha kucha kwenye tumbo lake. Baadaye ndipo niliposikia kwamba kuna mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, na mtu huyo ni mimi. Binti akaitikia ubeti wa pili, akaukosea wote.

Sindo tulisimama chini ya baraza la duka la spea. Baada ya kitambo mkwe akatokea kwenye mvua, ameikalia pikipiki nyekundu ya msichana, bila injini, anateremka kimyakimya kama malaika aliyelowa. Vijana pale dukani walimpokea.

"Baba, umebadilisha? Nyekundu inakupendeza."

"Na pochi yako iko wapi?"

Mkwe alinunua kiungo, akachuchumaa, akaitengeneza cheni kwa mikono yake mwenyewe, akaipaka mafuta. Alipomaliza akasimama, mgongo kwangu, uso kwenye ukuta wa duka.

"Mwambie mama kwamba nilikuwa nyuma yenu," akasema. "Kwenye mchanga msichana hakukanyaga breki. Nimeona mwenyewe."

"Mwambie asante," nikasema.

"Anko, Dani anasema..."

"Nimesikia," mkwe akasema. Kisha akakumbuka kwamba hapaswi kuwa amesikia, akapanda pikipiki yake kubwa, akarudi mlimani kuchukua kreti lake.

Jua lilirudi tulipofika Mbita. Tukavuka daraja la kuingia Rusinga, tukakizunguka kisiwa kwenye barabara inayofuata maji, omena zimeanikwa kila mahali, kuku wanafukuzwa wasizile. Tulilala kwenye nyumba ya wageni, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Juu ya kitanda kulikuwa na taulo lililokunjwa kwa umbo la bata. Nikauliza kama ndiye bata wa chakula cha jioni. Binti alicheka mpaka akakaa chini.

"Nyieka, nimepita?"

"Mtihani haujaisha mpaka nishuke mlangoni kwa baba yako."

"Lakini kwenye mchanga ulijisikiaje?"

"Nilijisikia kufa. Lala."

Kesho yake tulirudi kwa lami kupitia Homa Bay, na sikumpiga hata mara moja. Baba yake alikuwa anatusubiri uani Rongo. Nikashuka, nikavua helmeti. Akaitazama suruali ya baba yake, akaamua kutouliza.

"Haya, Mama."

"Aendeshe."

Nilimngoja amtaje shemeji. Hakumtaja. Alikuna kidevu tu, na kwa jinsi alivyokikuna nikajua kwamba Gwassi ilishapiga simu, na haikusema ya aibu tena. Binti alikuwa ameanza kurukaruka. Nikamwinulia kidole.

"Jumamosi hapana."

Akatulia. "Nyieka, wageni wa Nairobi huja Jumamosi. Jumapili wanarudi."

"Waje Ijumaa asubuhi."

"Na Ijumaa jioni tukiwa bado Gwassi?"

"Msiwe Gwassi. Sabato huingia jua likizama; muwe Rusinga, pikipiki umeizima. Mle samaki, mlale. Jumamosi muende kanisani, pale Mbita lipo."

"Na wageni?"

"Wageni nao wana roho."

Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa ameinama, anakitazama kiungo kipya cha cheni kwa makini sana. Binti akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayewahesabu wageni wanaompita.