Siku mama mukwe alisonga chuma kama bugali

Mi niko mutu wa kuyeyusha. Piston ya moteri, jante ya velo, mikebe ya biere, leta tu: natia mu moto, namimina mu udongo, inatoka sufuria. Atelier yangu iko Kadutu, pale mulima iko mukali mpaka kuku zinashukaka na breki. Na moto yangu haiko ya muchezo. Nikiwasha vizuri, kuku ya jirani zinataga mayai yenye imekwisha kuiva, na kule Lwiro, bale benye kupimaka mutikisiko ya udongo banaruka mu viti.

Wakati nilitaka kuoa, ngombe nilikuwa nimekwisha kutoa. Lakini mama ya binti akaongeza neno moja.

"Mukwe, unasema uko fundi. Basi unifanyie sufuria kubwa ya kupikia bugali ya ndoa. Kama inavuja, binti anabakia kwetu."

Chakula ikanikatalia. Nilikonda mpaka mukaba ikanizunguka mara mbili na ikabakia ya kufungia mbuzi.

Sasa munisikilize. Chuma ikiyeyuka, uchafu yake yote inapanda juu, inaelea kama povu juu ya supu ya nyama. Siye tunasemaka ile ni mavi ya chuma. Kazi yote iko pale: unaichota polepole na kijiko murefu, unaitupa, kiisha unamimina. Lakini haukorogi! Ukikoroga, mavi inaingia ndani ya chuma, na sufuria inazaliwa na matundu.

Siku ya kumimina, maman akafika kuona sufuria yake ikizaliwa. Alivaa pagne mupya, na mu mukono alishika mwiko ya bugali, kwa sababu alikuwa anatoka jikoni. Na kwetu, mukwe hagusi mama mukwe. Hamuangalii mu macho, hamunyanganyi kitu mu mukono. Kwa hiyo nikageuka, nikatazama ukuta. Pembeni kulikuwa tu papa mumoja muzee, mwenye kunizungushiaka gurudumu ya velo ya kupuliza moto.

Maman akachungulia mu chuma.

"Mukwe, hii inafanya mabonge!"

"Maman, acha tu, iko mavi!" nikajibu ukuta.

"Mavi? Mu sufuria yangu?"

"Itatoka, maman! Usiguse!"

"Bugali gani hii haisongwe? Njo maana vijana ya leo munakula mabonge!"

Nikasikia pwaa! Mwiko imeingia. Maman alisonga ile chuma, ndugu zangu, alisonga na mabega, na kiuno, na wimbo ya kanisa. Moto ikapanda, nyusi zake zikaenda na hazijarudia mpaka leo. Ule mwiko uliingia murefu kama jembe, ukatoka mufupi kama kalamu ya bic.

"Papa, umushike!" nikalalamikia ukuta.

Ule muzee alikuwa anacheka mpaka gurudumu ilisimama. "Mi niko wa upepo," akasema. "Mambo ya bakwe siingilie."

Chuma haingojaki. Ilianza kupoa, nikamimina vile vile, na mavi yake, na majivu ya mwiko. Ikatoka sufuria nzuri sana kwa inje. Niliisugua mpaka ziwa Kivu ikasikia wivu.

Siku ya kuipeleka, familia yote ikakaa. Tonton ya binti, ndugu ya baba yake, mutu wa kuhukumu hata mvua, akasema batie maji. Bakatia. Maji ikatoka fasi zote, mbele, nyuma, chini. Mutoto moja akaja kunawa uso.

"Mukwe," tonton akauliza, "hii ni sufuria ao ni arrosoir ya kumwangilia bustani?"

Batu bakacheka. Binti akafunika macho na kitambaa. Mi nikaangalia viatu yangu, nikaona ndoa inavuja na maji. Ningemushitaki mama mukwe mbele ya batu namna gani?

Njo ule muzee wa upepo, mwenye alinisaidia kuibeba, akasimama. "Mi nilikuwaka pale. Nilionaka nani alisonga..."

"Kaa chini, papa!" maman akaruka. "Njo vile niliomba! Muchele ya Luberizi iko na vijiwe. Hii ni ya kuoshea muchele: maji inatoka, muchele inabakia."

"Lakini ulisema ya bugali," tonton akasema.

"Ulikuwa jikoni yangu? Unajua kuosha muchele, weye?"

Maman akageuka, akaniangalia mu macho, wazi wazi, na mi nikamuangalia. Desturi ikatoka inje kidogo kupiga hewa.

"Binti," akasema, "beba mizigo yako kabla mukwe hajabadilisha mawazo."

Ile sufuria ingali kwa maman, na mutaa yote inaiazimaka. Lakini nikiwasha moto, ule binti, sasa bibi yangu, anasimama ku mulango ya atelier. Haiko kwa sababu ya mabusu: anafunga njia. Mama yake amejinunulia mwiko ya chuma, na kila mara anapita, anamuambia binti yake:

"Niache niingie, binti. Ile ya kwanza sikuisonga mpaka ikaiva."