Aliyetolewa Akacheka

Mtaani walimwita Kiuno, na jina hilo alilitolea jasho. Mchezo wake ulikuwa kutembea kwa kasi: mguu mmoja usiinuke kabla mwenzake haujagusa chini, goti la mbele linyooke, na kazi iliyobaki kiuno kijifanyie chenyewe. Waliomwona barabarani asubuhi walicheka wakashika mbavu. Yeye aliwapungia mkono, meno nje.

Katika shindano alilolifanyia mazoezi miaka sita, mwamuzi alimwonyesha kadi nyekundu ya tatu akiwa ameshaliona lango la uwanja. Kadi tatu za kukosea hatua, nje. Kwa maelezo yake mwenyewe, alicheka, akasimama kando akiwapigia wenzake makofi. Hadithi hiyo ilimjengea jina kwa miaka ishirini. Klabu ilimwita kila mwaka awatie vijana moyo, na ukutani kwenye ukumbi wa mazoezi wakaandika maneno yake kwa rangi: Ukitolewa, cheka.

Akishashangiliwa, alirudi kazini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, lakini yeye alizoea kubana ncha mbili kwenye misumari ukutani, akarudi nyuma na nyingine mbili. Nyumbani alikuwa na kikombe kimoja. Cha pili kilikuwa kinashika vumbi tu, akakigawa. Watu walimpenda sana, ila hakuna aliyemtembelea.

Jumamosi moja shemeji yake, mke wa mdogo wake, alimpigia simu. "Shemeji, njoo. Tangu mdogo wako akatwe mguu, hasemi. Siku ya nne leo, kidonda hataki kiguswe wala kuonwa. Nesi anasema kikioza tutampoteza. Mwambie yale maneno yako."

Mdogo wake, dereva wa lori, alikuwa amelala amegeukia ukuta, blanketi mpaka kifuani na joto lote lile. Kiuno alivuta stuli, akavaa tabasamu lake la kazi.

"Mdogo wangu, nilipoonyeshwa kadi ya tatu nilifanya nini? Nilicheka!"

"Hukucheka, kaka."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni na beseni, aliliweka chini.

"Nilikuwepo," mgonjwa aliuambia ukuta. "Ulikwenda nyuma ya vyoo, ukakaa chini umekumbatia viatu, ukalia. Saa nzima."

Kiuno akauliza, "Mbona hukuja?"

"Nilikuwa na madereva wenzangu. Walikuwa wanakuiga, wanakata viuno. Niliona haya kusema huyo ni kaka yangu. Nikacheka nao."

Iliuma kuliko kadi, tuseme ukweli. Kiuno aliinuka, akafika mlangoni, na shemeji akampisha. Hapo akakumbuka chumba chake cha kikombe kimoja anachokwenda kukifungua. Akarudi. Safari hii aliiacha stuli, akakaa kitandani, pale ambapo ungekuwepo mguu.

"Nilikuwa nasubiri mtu aje," alisema. "Yeyote. Nikasikia hatua, nikapangusa macho haraka, kumbe mtu anakwenda zake chooni. Ile ya kucheka niliitunga njiani nikirudi nyumbani."

"Nisamehe, kaka."

Hakumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu. "Nitakukasirikia kesho," alisema. "Leo nipo."

Kisha mdogo wake akageuka, uso umelowa.

"Ukikiona usicheke. Wala usiniambie nicheke."

Akalivuta blanketi kwa mkono wake mwenyewe. Kiuno alikitazama kidonda chote na harufu yake, hakukwepesha macho, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Kinatisha," alisema.

"Kinatisha kweli," mdogo wake alikubali, akamwita mkewe alete maji.