Kisu Kilikuwa cha Herieth

Jumamosi, Julai 12, 2025. Kibondo kumeamka na baridi kavu. Upepo unashuka kutoka vilimani, na vumbi la barabara limelala juu ya majani ya migomba.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Herieth Ntahondi, mwenye umri wa miaka 47, amevaa ovaroli nyeupe na kofia ya wavu. Anapuliza moshi kwenye mdomo wa mzinga, anasubiri, kisha anainua kifuniko. Anakata masega kwa utaratibu na kuyaweka kwenye ndoo.

"Nyuki nimewazoea," anasema. "Wakiniuma asubuhi, jioni uvimbe umekwisha. Jeraha la uwanja wa ndege lina miezi minane."

Herieth ni katibu wa kikundi cha wanawake kumi na wanne wanaofuga nyuki. Wana mizinga 46. Msimu ukiwa mzuri, kila mmoja hupata kama kilo arobaini za asali, na kilo moja huuzwa shilingi elfu nane. Kwa fedha hizo ameezeka nyumba na kumsomesha mwanawe Raymond hadi kidato cha nne.

Novemba mwaka jana kikundi kilialikwa kwenye maonyesho ya asali Dar es Salaam. Tiketi zilikuwa mbili. Ya kwanza alipewa Herieth, ya pili Niyonsaba, mrinaji hodari kuliko wote. Wazazi wa Niyonsaba walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi. Yeye ni raia wa Tanzania, na kitambulisho chake hukitunza ndani ya Biblia.

Walilala Kasulu kwa binamu yake Herieth, wakaondoka alfajiri kwenda Kigoma. Hakuna aliyewahi kupanda ndege.

"Tulifika mapema mno, tukakaa nje tukiwatazama wengine wanavyofanya," anakumbuka Herieth. "Niyonsaba akaniambia, Mama Raymond, tumfuate yule baba mwenye koti, anaonekana anajua. Kumbe na yeye alikuwa anatutazama sisi."

Katika kikundi chao, kisu cha kurinia hakishikwi na mtu mwingine. Kila mrinaji ana chake, na akienda kuonyesha kazi huenda nacho. Kwa hiyo Herieth hakufikiria mara mbili. Begi lake lilikuwa limejaa, akakifunga kisu kwa kipande cha kitenge na kukisukuma ndani ya begi la Niyonsaba, wakati mwenzake ananawa uso. Hakumwambia.

Mlangoni waliweka mizigo kwenye mkanda wa mashine ya ukaguzi. Begi la Herieth likapita. La Niyonsaba likasimama.

"Askari akauliza kwa upole tu, hili la nani? Niyonsaba akasema langu. Wakafungua, kisu kikatoka. Akakitambua, maana mpini wake nimeuzungushia mpira mwekundu. Akanigeukia. Akanisubiri."

Herieth anafuta mikono kwenye ovaroli.

"Sikusema kitu. Nilipoona kimya changu kinarefuka, nikaangalia viatu. Basi yeye akasema, kisu ni changu."

Askari alimwomba Niyonsaba akae pembeni aandike maelezo. Kiswahili chake kina sauti ya Kirundi, na kwa woga kilizidi kukatika. Akaulizwa ametoka wapi na anakwenda kufanya nini. Ndipo askari akawageukia abiria waliokuwa kwenye foleni.

"Kuna anayemfahamu mama huyu?"

Mtu mmoja alimnyooshea Herieth kidole: si mlikuja pamoja?

"Nikasema, hapana, tumekutana hapo nje."

Akaenda kaunta, akaonyesha kitambulisho, begi likapimwa, akapewa karatasi ya kupandia. Akakaa chumba cha kusubiria akiutazama mlango. Abiria walipoitwa, akasimama kwenye mstari, akavuka uwanja kwa miguu na kupanda ngazi. Kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu mpaka Dar es Salaam.

"Kule nilipigwa picha, nikapewa cheti," anasema. "Niliporudi, niliwaambia wenzangu Niyonsaba alizuiwa kwa mambo ya vitambulisho. Hilo ndilo baya zaidi. Kila Jumapili tukifika sala ya kutubu, midomo inakauka."

Niyonsaba hakumkanusha. Alipoachiwa, ndege ilikuwa imeshaondoka; alirudi Kibondo kwa basi na kuendelea na mizinga yake, ila akaacha kumwita Mama Raymond. Humwita katibu.

Sasa umekuja mwaliko mwingine wa Agosti, tiketi mbili tena. Baadhi ya wanakikundi wanataka nafasi ya Niyonsaba apewe mtu mwingine, "mwenye karatasi zisizo na maneno." Uamuzi ni leo.

"Andika yote," Herieth anamwambia mwandishi huyu. "Lakini wao wasikie kwanza kutoka kwangu."

Saa kumi jioni wanawake wamekaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kanisa. Katekista Stanislaus amefungua kwa sala na kubaki. Mwenyekiti, Ange Ndayikunda, anauliza kama kuna neno kabla ya kura.

Herieth anasimama, anasema yote. Sauti yake ni ndogo hata mmoja wa nyuma anamwambia, "Ongeza, katibu. Siku ile ulivyotusimulia Dar tulikusikia mpaka barabarani." Anaongeza sauti, anaanza upya kuanzia kile kisu.

Herieth anapomaliza, Ange anamgeukia Niyonsaba. "Ulijua miezi yote hii tunakusema. Mbona hukutuambia?"

"Mngeniamini mimi au katibu?" anajibu Niyonsaba.

Mama mmoja anajifunika uso kwa kanga.

Herieth anaomba msamaha akiwa amepiga magoti. Niyonsaba anamwambia: "Nimekusikia. Mungu anisaidie nikusamehe, maana bado naumia. Inuka, sakafu ni baridi."

Kura haipigwi. Nafasi ya Niyonsaba inabaki yake. Herieth anasema nafasi yake mwenyewe apewe mwingine, yeye hastahili. Ange anakataa.

"Usijifungie nyumbani ukaiita hiyo toba. Utakwenda naye, upite mlango ule ule."

Katekista anamwambia kama ana ahadi, aitoe hapa, watu wakiwepo. Herieth anavua kilemba, anakishika kwa mikono miwili.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," anasema. "Agosti nitatangulia kwa askari kabla ya kuulizwa. Nitamwambia, huyu anaitwa Niyonsaba, nimekuja naye, na mwaka jana nilimkana hapa. Asipopita yeye, na mimi sipandi."