Kifaru cha mbao walichoniambia nisipoteze muda nacho

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mzee, na vidole vyangu ni vizito kwenye hii simu, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Watu ambao wangeweza kunisahihisha karibu wote wametangulia mbele za haki, na hilo linanibana zaidi niseme kweli tupu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ile ya mwisho mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza useremala kwenye karakana ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya mji wa Tanga. Kwetu ni Usambaa, Walutheri. Baba yangu, Zakaria, alishuka kutoka milimani kufuata kazi ya mkonge, akachukuliwa kwenda vitani Burma, akarudi mzima, akapewa kusimamia korona, ile mashine ya kuchambua majani ya mkonge.

Mzee hakuwa mkali, ila alikuwa mkimya. Vita hakuvitaja kabisa. Medali yake aliiweka kwenye kopo pamoja na misumari, na ukitafuta msumari unaisogeza pembeni tu.

Sasa nije kwenye kifaru.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa Mgiriki. Alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, akawa anagawa vitu. Mwenzangu mmoja alipata baiskeli. Mimi nikapewa boksi la kadibodi lililolegea pembe zote.

Nilipolifungua nikakuta vipande vya mbao vilivyochongwa nusu nusu, karatasi yenye michoro, na kichupa cha gundi iliyoganda ikawa kama kokoto. Ilikuwa seti ya kuunda mfano wa kifaru cha vita. Kila inchi moja ya mbao ilisimama badala ya futi nne za kifaru chenyewe. Ilitengenezwa wakati wa vita, zama ambazo vitu hivi vilikuwa vya mbao.

Nikampelekea Kaitano. Huyu alikuwa karani wa stoo, Mgoa, mkubwa kidogo kuliko mimi, na mpenzi mkubwa wa vitu hivi. Dirishani pake alikuwa na ndege na meli alizounda mwenyewe, na kaka yake wa Nairobi alikuwa amemletea kifaru cha plastiki, kipya, kina mpaka vichwa vya misumari ya riveti, vidogo kama chawa.

Akalipekua boksi langu polepole, akalifunika.

"Elia, usipoteze muda."

"Kina ubaya gani?"

"Kimepitwa na wakati. Magurudumu manene kama vitumbua. Mbao imejikunja. Upande mmoja magurudumu mawili hayapo. Halafu huyu aliyechora nadhani hakuwahi kukiona kifaru chenyewe, alichora kutoka kwenye picha ya gazeti. Ukikimaliza utakuwa na kitu kibaya, na ukiweka karibu na cha plastiki kitaonekana kibaya zaidi."

Wakuu, hakuwa na husuda. Alisema kweli. Ile mbao niliilaza kwenye benchi ikayumba kama kiti kibovu.

Nikakaa na lile boksi wiki nzima nikiwaza. Nitumie Jumapili zangu kwa kitu ambacho hata kikikamilika hakitafanana na kitu chenyewe? Au nichukue mbao zile nichonge vipini vya patasi, nipate faida?

Kilichonifanya nianze hakikuwa hekima. Ilikuwa ubishi wa fundi mwanafunzi. Nilijiambia, kama siwezi kuinyoosha mbao iliyojikunja, najifunza kazi gani basi?

Nikailowesha ile mbao, nikaibana katikati ya vipande viwili vya mvule, nikaiacha siku tatu. Magurudumu mawili nikayachonga kwa mti wa mpera. Gundi nikachemsha ya ngozi, ile ya karakana. Nyumba ikanuka mpaka mama akanihamishia barazani.

Na hapo barazani ndipo mambo yalipobadilika.

Jumapili moja baada ya ibada, nilikuwa nimekwisha kuunganisha kiwiliwili na kile kibanda cha juu chenye mzinga. Baba akapita akitoka kunawa. Akasimama. Akatazama muda mrefu, maji yanamchuruzika mikononi.

"Sivyo hivyo," akasema.

Nikadhani anasema kazi yangu ni mbaya. Nikaanza kujitetea kwa habari ya mbao kujikunja.

"Sisemi mbao. Nyuma hapo. Nyuma hapakuwa patupu. Palikuwa na kisanduku cha chuma, na ndani yake simu."

"Simu? Nje ya kifaru?"

"Waliomo ndani hawasikii kitu, na hawaoni ila kitundu. Sisi tunaotembea nyuma yake ndio tunaoona. Ukitaka kuwaambia adui yuko wapi, unafungua kisanduku unasema nao."

Akaenda zake. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kuhusu Burma, na nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nikaitazama ile karatasi ya michoro. Hapakuwa na kisanduku popote. Kesho yake nikachonga kimoja, kidogo kama punje ya mahindi, nikakigandisha nyuma. Kaitano alipokiona akatikisa kichwa. "Sasa umekiharibu kabisa. Hicho hakimo kwenye ramani."

Nilikuwa nimeanza kuunda kitu kingine, ambacho ramani yake ilikuwa kwa baba.

Jumapili iliyofuata mzee akaja akaketi mwenyewe. Akaniambia niongeze minyororo ya akiba ubavuni, nipake matope, kwa sababu kule hakuna kifaru alichowahi kukiona kisafi. Mvua ya kule, akasema, hainyeshi, inakaa.

Halafu akaweka kidole kwenye kile kisanduku.

"Hapa ndipo alipofia Bakari."

Sikumjua Bakari. Akanieleza. Alikuwa Mdigo wa Moa, kijana wa pwani, mchekeshaji. Walilala hema moja miaka miwili, Mlutheri wa milimani na Mwislamu wa pwani, na wakala sahani moja.

Siku hiyo walikuwa wanapanda kilima nyuma ya kifaru. Afisa wao akapigwa, akaanguka. Bunduki ya adui ilikuwa kwenye shimo upande wa kushoto, na kifaru kilikuwa kinapiga kulia, hakina habari. Watu wanaanguka. Lazima mtu ainuke afungue kisanduku aseme.

"Mimi ndiye niliyesoma misheni," baba akasema. "Kiingereza nilikijua mimi. Na niliyekuwa karibu na kisanduku ni mimi. Mikono yangu ilikataa, Elia. Nililala pale, nashika udongo."

Bakari hakujua Kiingereza. Alijua kile cha gwaride tu, kile cha kuhesabu miguu. Akainuka, akafungua, akapiga kelele kwenye simu: "Lefu! Lefu! Lefu!"

Kibanda kikageuka kushoto. Bunduki ile ikanyamaza. Lakini Bakari alikuwa amekwisha kupigwa, simu ingali mkononi.

Nikauliza swali lililokuja tu.

"Kwao wanajua?"

"Walipelekewa karatasi. Amekufa vitani, basi. Nasikia mama yake hakuikubali. Anasema hakuna aliyeona maiti. Mpaka leo hajataka mwanawe asomewe khitma."

"Na wewe hukwenda kumwambia?"

Akanitazama. "Ningemwambiaje ilivyokuwa, bila kusema mimi nilikuwa wapi?"

Akaondoka. Wiki tatu hakukisogelea kile kifaru wala mimi sikumwuliza. Nikakimaliza peke yangu. Kikawa na mgongo uliopinda kidogo. Kaitano alikuwa sahihi, hakikupendeza.

Halafu asubuhi moja, anavaa viatu vya kazi, akasema bila kuinua kichwa: "Jumamosi tunakwenda Moa. Kibebe hicho. Mimi kwa maneno matupu sitaweza."

Tulipanda lori la kwenda Horohoro, tukashuka njiani, tukatembea. Nilikibeba kifaru kwenye kikapu cha ukindu, kimefungwa shuka. Mara mbili baba alisimama, nikadhani tunarudi.

Mama yake Bakari aliitwa Bi Mwanaidi. Tulimkuta anasuka makuti nyuma ya nyumba, mwembamba, macho yanaona vizuri bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni, piteni. Nyie wa wapi?"

"Mimi ni Zakaria. Nililala hema moja na Bakari."

Yule mama akaweka kuti chini. Hakulia. Akasogeza mkeka, akasema, "Kaa."

Baba akakiweka kifaru mkekani. Akamwonyesha kilima kwa kuukunja mkeka. Hapa adui. Hapa afisa. Hapa Bakari. Akafika mahali pa kujionyesha mwenyewe, akarudisha mkono mapajani. Nilitazama chini. Nilitamani amwambie tu kwamba alikuwa mbali, yule mama asingejua kamwe.

Baba akaweka kidole karibu kabisa na kisanduku.

"Na mimi hapa, mama. Mimi ndiye ningeinuka. Niliogopa."

Bi Mwanaidi akaliokota kuti lake, akaliweka tena chini.

"Mlimzika?" akauliza.

"Nilimzika kwa mikono yangu."

"Mlimlaza kuelekea kibla?"

"Palikuwa na Waislamu wenzake wawili. Walisema kule kibla ni machweo. Walimswalia, nikamlaza hivyo, ubavu wa kulia. Niliweka mawe."

Hapo ndipo alipolia, kidogo, kwa ncha ya kanga. Halafu akamshika baba mkono, ule wenye kidole.

"Umekaa na maiti ya mwanangu peke yako miaka yote hii," akasema. "Sasa mtue, baba. Mtue, nami nimpokee."

Nilimwona baba yangu akilia kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Khitma ilisomwa Ijumaa ya pili. Baba alikwenda, akaketi nje na majirani, akala pilau na watu wa Moa. Tangu hapo alikuwa akienda kila baada ya mavuno kumsalimia, mpaka yule mama alipofariki.

Mtauliza kifaru. Nilitaka kumwachia Bi Mwanaidi, nikaona itakuwa heshima. Akakikataa waziwazi. "Chuma hicho sikitaki nyumbani kwangu, mwanangu, hata kikiwa cha mti." Nikakirudisha. Kilikaa juu ya kabati miaka kadhaa, mchwa wakakiingia, nikakichoma na takataka. Sikuumia sana.

Ninachojifunza mimi ni hiki, na kila mtu ana akili yake. Kaitano alinipa hesabu sahihi ya kile kitu: magurudumu manene, mchoro wa uongo, mbao mbaya. Kama lengo ni kupata kifaru kizuri, alikuwa na haki, ningetupa. Lakini kama kingekuwa kizuri na kamili, baba angepita akaenda zake. Makosa yake ndiyo yaliyomfanya asimame. Mtu aliyenyamaza miaka mingi hakuambii ukweli ukimwuliza. Mara nyingine huwezi kumsikia mpaka aone umekosea, naye ashindwe kuvumilia.

Sisemi kila boksi bovu lina siri ndani. Mengine ni boksi bovu tu.

Wakuu, humu najua mko watoto na wajukuu wa waliokwenda Burma. Wenu waliwahi kusema? Na kama hawakusema, mlijuaje? Wekeni hapa, nasoma kila komenti, ila kujibu nitachelewa kwa ajili ya vidole.