Maua ya Altare Nyuma ya Nyumba

Mimi ni mtoto wa Lusahunga, barabarani, kwenye vumbi la malori na mayai ya kuchemsha. Kwetu ua lilikuwa la plastiki, linafutwa vumbi Jumamosi, basi. Kwa hiyo nilipoolewa Kirushya na kumkuta mama mkwe wangu amechuchumaa kwenye migomba nyuma ya nyumba, anayasemesha majani, nilijiambia, haya, leo nimeangukia pabaya.

Majani yenyewe yalifanana na ya magimbi, nami siku ya kwanza nikauliza yanapikwa na nini. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ukiyapika hayo, mwanangu, tutakuzika." Yalikuwa maua. Wengine huyaita yungiyungi. Yeye aliyaita maua ya altare, maana huko ndiko yalikokuwa yakienda. Mvua zikishakolea yanatoa ua moja moja, jeupe pee, limejikunja kama karatasi ya kufungia karanga, na kijiti cha njano katikati. Sijawahi kuona kitu kinatoka kwenye tope kikiwa safi namna ile. Nilinuna siku mbili tatu kwa kuchekwa, halafu nikaanza kwenda kuyatazama mwenyewe.

Mama alikuwa mjane, na binti yake wa pekee, wifi yangu, alikuwa sista. Mwaka jana ikaja habari kwamba baada ya Noeli ataweka nadhiri za daima, tena kwenye kanisa letu la parokia. Wazazi wa masista wenzake walikuwa wanaandaa ng'ombe na vitenge. Mama akasema yeye atapamba altare kwa maua aliyoyapanda mwenyewe, ili mtoto wake akiinua macho aone nyumbani. Kingine hakuwa nacho, na wala hakukitaka.

Kabla mvua za vuli hazijaanza, mnyauko ukaingia kwenye migomba. Ndizi zinaiva zingali changa, na ukikata shina unatoka usaha wa njano. Bwana shamba akaja, akatazama, akasema tung'oe yote iliyougua, tuifukie, na panga tulipitishe motoni. Ya nyuma ya nyumba ilikuwa imeugua yote. Nilidhani Mama atabishana, maana pale ndipo kilipokuwa chakula chetu, na ndipo kilipokuwa kivuli cha maua yake. Wapi! Alijifunga kitenge kiunoni akaanza kung'oa, sisi tukamfuata. Jamani, mwanamke yule! Siku ile nilimheshimu kuliko siku zote nilizokaa kwake.

Jua likaingia lote. Majani ya maua yakaungua kingo, yakalala chini. Kuyahamisha haikuwezekana, kwa sababu yalishaanza kuchipua, na ukiyasumbua wakati huo, mwaka ule hupati ua. Mama akayajengea chanja, kama ile ya kitalu cha miche ya kahawa: nguzo, fito, na nyasi juu. Lakini hofu ya jua ilimzidi. Aliweka nyasi, akaongeza, kesho yake akaongeza tena, mpaka ukiinama kuingia chini yake unapapasa. Majani yakarefuka, membamba, yamepauka, na dalili ya ua hakuna.

Mimi na kunyamaza hatujawahi kupatana. Nikamwambia, "Mama, hapa si kivuli tena, ni kaburi. Chini ya migomba jua lilikuwa linapenya penya."

"Wewe mtu wa malori, kivuli umekijulia wapi?"

"Kwenye kibanda cha chai, Mama! Na hata kule tulikuwa tunaonana nyuso."

Nikapunguza nyasi, yeye akarudisha. Nikapunguza tena, akarudisha huku akinisema kwa Kihangaza, lugha ya kwao, akijua sishiki yote. Mume wangu alikuwa akipita pale kama kipofu. Ugomvi ule uliendelea hadi siku moja Mama aliporudisha nusu tu, akasimama, akaangalia vidoa vya mwanga vikicheza juu ya majani. Nusu nyingine akaitandaza chini, kwenye mizizi, ishike unyevu. Hakunipa ushindi kwa mdomo, lakini chai ya jioni ile alinimiminia mwenyewe.

Asubuhi moja akaniita kwa sauti ya kutisha. Nikatoka mbio nikijua ni nyoka. Lilikuwa tumba, la kijani, limejifunga barabara, na pembeni yake lingine. Aliniangukia shingoni akalia, nami nikalia, loo, watu wazima wawili kwenye tope.

Siku ya nadhiri altare ilikuwa nyeupe. Wifi yangu na wenzake walilala kifudifudi sakafuni, ndivyo ilivyo kwenye nadhiri, wakati wanawaombea, na alipoinuka macho yake yalikwenda kwenye yale maua, yakabaki hapo hapo. Mama aliuminya mkono wangu mpaka ukaniuma, nikamwachia aendelee.

Kesho yake gari la masista likaja kumchukua. Alikuwa amepangiwa Singida, mbali, tena kukavu. Akaomba kiazi kimoja cha maua akapande. Mama akachimba kikubwa kuliko vyote, pamoja na udongo wake, akakifunga kwenye kipande cha kiroba, akaanza kumwelekeza. Tafuta upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, lakini pasiwe giza. Usikizike sana. Weka samadi iliyooza, mbichi itakiunguza. Maji kila siku mpaka majani yasimame, na kiangazi kikija kiazi kikalala, kiache, hakijafa. Ukikata ua nawa mikono, utomvu unawasha. Vikizaana, vigawanye mvua zikianza, uwape na wenzako.

Wifi yangu alizaliwa na kukulia kwenye maua yale. Kila neno alilijua kabla halijatoka. Dereva akapiga honi, akapiga tena, na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme Mama, inatosha, watu wanasubiri. Mama akafika mwisho. Akatafuta la kuongeza, akalikosa, akabaki anaufuta udongo kwenye kile kifurushi.

Sista hakupanda gari.

"Rudia hapo kwenye maji, Mama," akasema. "Sijashika vizuri."

Mama akavuta pumzi, akaanza upya tangu kwenye kivuli.